Kumsomesha mtoto ufundi: pesa, machozi na mambo ambayo hakuna aliyetuambia

Tangu kijana wangu Wandera aanze kazi ya umeme wa magari hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, wazazi hunisimamisha sokoni kuniuliza alisoma wapi, ada ilikuwa ngapi, na kama ni kweli watoto hutoka huko wakijua kitu. Wengi huuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba wanaulizia ugonjwa. Hilo ndilo linaloniuma. Mwenye mtoto chuo kikuu hutangaza hata kwenye matanga, lakini mwenye mtoto chuo cha ufundi hunong'ona. Basi naandika yale niliyoyaona, pamoja na pesa zilizotoka, ili mzazi anayefikiria njia hii aingie akijua.

Mimi nauza mitumba upande wa Uganda, na mume wangu anafanya kazi na mawakala wa forodha. Tuna watoto watatu. Wa kwanza, Nekesa, tulimsomesha mpaka akapata shahada ya sayansi ya jamii. Serikali haikumlipia, tulijilipia wenyewe. Ng'ombe waliuzwa, SACCO ikatukopesha, na kipande cha shamba letu kule Masafu kikaenda. Alihitimu Januari 2020. Machi mwaka huohuo nchi ikafungwa kwa sababu ya korona.

Shule za Uganda zilifungwa, zikafunguliwa kwa madarasa machache, zikafungwa tena, na hazikurudi zote mpaka Januari 2022. Hakuna nchi iliyokaa na shule zake zimefungwa muda mrefu kama sisi. Wandera alikuwa S3, yaani kidato cha tatu. Nyumbani nilikuwa na mhitimu anayeamka kila siku kupanga vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki, na mvulana wa miaka kumi na sita asiye na darasa. Nekesa aliandika maombi ya kazi kwenye mashirika, kwenye halmashauri, kwenye benki. Waliomwita walitaka uzoefu wa miaka mitatu. Nilimsikia akilia bafuni huku amefungulia bomba ili tusisikie.

Wandera yeye alipotea barabarani. Mtakumbuka foleni za malori mwaka ule, madereva wakisubiri majibu ya vipimo, magari yamejipanga kutoka mpakani kurudi nyuma mpaka huoni mwisho. Gari likikaa siku nyingi limezimwa, betri hufa. Palikuwa na fundi mmoja mzee wa mtaani kwetu aliyekuwa akipita kwenye foleni akiwasha magari na kutengeneza taa, na kijana wangu akawa anambebea waya. Nilipogundua nilitetemeka. Wakati ule dereva wa lori aliogopwa kuliko kitu chochote, watu waliamini ndiye anayeleta ugonjwa. Nilimkataza, akatii siku chache, akarudi. Mwishowe nilimshonea barakoa nyingi na kumwekea ndoo ya maji na sabuni mlangoni.

Shule zilipofunguliwa alirudi, akafanya UCE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, mwaka 2022, na matokeo yalipotoka alikuwa na divisheni ya pili. Fizikia alifanya vizuri sana. Hapo ndipo vita vilipoanza, kwa sababu alituambia hataki kwenda S5. Alitaka chuo cha ufundi, umeme wa magari.

Lau angeshindwa mtihani, hakuna ambaye angepinga. Hiyo ndiyo fikra yetu: ufundi ni pa kumtupa aliyeanguka. Bibi yake alisema tunamzika mtoto akiwa hai. Mjomba wake, ambaye ni mwalimu, alikuja na hoja nzito zaidi. Mwaka uleule wa 2022 serikali ilikuwa imepandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada mpaka shilingi 4,000,000 za Uganda kwa mwezi. "Dada, mtoto ana fizikia," akaniambia. "Mpe miaka miwili ya S5 na S6, mitatu ya chuo kikuu, atakula mshahara maisha yake yote." Sikuidharau hoja hiyo, na hata leo siidharau. Kwa mtoto anayependa kufundisha ni njia nzuri. Lakini Wandera hakuwahi hata siku moja kutamani kusimama mbele ya darasa, na mshahara ule unamngoja yule tu aliyeajiriwa, si kila mwenye shahada.

Baba yake alinyamaza wiki nzima. Kisha jioni moja akaniambia, "Mama Nekesa, tumeuza shamba kwa ajili ya karatasi moja. Huyu anataka kazi anayoijua tayari. Tumpe nafasi." Nekesa alikuwa pale akipepeta mchele. Alijisikia vibaya, akatoka nje. Nasema hili kwa sababu ukiwa na watoto wawili kwenye njia mbili tofauti, maneno unayomtetea huyu humchoma yule. Ilibidi baba yake akae naye amwambie kwamba hakuna aliyejutia kumsomesha. Fanyeni mazungumzo hayo mapema, msingoje yaharibike.

Jambo lililotutuliza wote ni kujua kwamba njia hii haina ukuta mwisho wake. Mtoto akimaliza cheti cha taifa cha miaka miwili anaweza kuendelea na stashahada, kwa mfano pale chuo cha ufundi cha Elgon, Mbale, na baadaye hata shahada. Bibi yake aliposikia kwamba bado kuna joho mbele, alikubali kula.

Sasa kuchagua chuo. Hapa nawaomba msikilize sana, maana ndipo wazazi wengi hulizwa. Cha kwanza tulichokwenda kukiona kilikuwa cha binafsi, na bango lake lilipendeza kuliko la hospitali. Ofisi ina vigae, mkuu wa masomo ana kompyuta, ada zaidi ya milioni moja kwa muhula. Nikaomba kuona karakana. Kwanza mwenye ufunguo hayupo. Tukangoja. Ulipopatikana, kufuli likagoma kufunguka kwa kutu. Ndani palikuwa na injini moja juu ya meza, imepakwa rangi ya buluu na nyekundu vizuri kabisa. Wandera akaizunguka, akapitisha kidole kwenye altaneta, kile kifaa kinachochaji betri. Mkanda haukuwapo. Nyaya zilikuwa zimekatwa fupi, hazifiki popote. Hakukuwa na betri ndani ya chumba kile, wala alama ya mafuta sakafuni. Mvulana akanitazama tu. Tukashukuru, tukaondoka.

Cha pili kilikuwa cha serikali, mabati yake ya zamani, mabweni yamebanana, lakini tulipofika saa nne asubuhi wanafunzi walikuwa wamelala chini ya pikapu mbovu, na mwalimu wao ana ovaroli chafu kuliko zao. Tulichagua hapo. Ukienda kutafuta chuo, omba karakana kabla ya ofisi, na nenda siku ya masomo, usiende siku ya wageni. Uliza wanafunzi wangapi wanagawana mita moja ya kupimia umeme. Uliza chuo kina kibali na kama ni kituo cha mitihani, na ni bodi gani itakayotoa cheti. Wakati wetu ilikuwa UBTEB. Sheria mpya ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2025 imeleta bodi mpya, UVTAB, kwa hiyo usikubali jibu la "tuna cheti chetu wenyewe". Cheti cha chuo peke yake hakimfikishi mtoto mbali.

Msidanganywe pia kwamba ufundi ni rahisi mfukoni. Ada ya chuo chetu ilikuwa chini ya ile ya shule nyingi za bweni, ndiyo, lakini orodha ya vitu ilinifanya nikae chini. Ovaroli mbili, buti ngumu, vifaa vya kuchorea, godoro, rimu za karatasi, na sanduku la zana. Zana ndizo zilizotumaliza. Tulinunua seti ya spana ya bei nafuu, na kabla ya muhula kuisha zilikuwa zimepanuka midomo, hazishiki nati. Tukanunua tena, safari hii moja moja, nzuri, za mitumba kutoka kwa fundi aliyekuwa anastaafu. Kisha zikaja pesa za kujiandikisha mtihani, pesa za vifaa vya vitendo, na nauli za mafunzo ya kazini. Ukiandaa ada peke yake mtoto atasimama pembeni akitazama wenzake wanavyofungua gari.

Siku ya kutembelea wanafunzi ndiyo iliyonifungua macho. Nekesa alipokuwa shule ya sekondari, siku hiyo ilikuwa sherehe. Magari yamejaa uwanjani, akina mama wamebeba pilau na kuku kwenye mabeseni, kila mzazi anapanga foleni kwa mwalimu kuuliza maendeleo. Kule kwa Wandera nilipika vivyo hivyo, nikapanda matatu na beseni langu magotini. Nilipofika, wazazi tuliokuwapo mngetuhesabu kwa vidole. Wavulana wamekaa kwenye ngazi za bweni, wamevaa mashati safi, wanatazama lango. Mmoja aliniamkia, "Shikamoo mama," akaniuliza kama nimepishana na mtu yeyote njiani. Tulikula chakula kile na watoto wasio wangu, kikaisha upesi.

Nililia usiku ule. Watoto wale wana wazazi. Wengi wana wazazi wanaolipa. Lakini mzazi akishalipa ada ya ufundi huona amemaliza, kwa sababu moyoni alishaamua huyu si wa kujivunia. Na mtoto anajua. Wandera aliniambia wapo wenzake walioacha katikati, wakaenda kuendesha boda, na si kwa sababu ya ugumu wa masomo. Hapakuwa na mtu aliyewauliza wamejifunza nini. Mzazi mwenzangu, nenda. Muulize mwalimu jina la kifaa anachokishika mtoto wako. Huhitaji kuelewa umeme. Mimi sielewi mpaka leo.

Mafunzo ya kazini yalitufundisha jambo lingine. Chuo kilitoa barua, mtoto akajitafutia nafasi, akapata gereji moja kubwa Kampala. Tulifurahi. Tukamkodishia chumba kimoja cha shilingi 150,000 kwa mwezi, mbali na chakula. Kumbe kule alikuwa anaosha vipuri kwa petroli, anatumwa chai na rolex, zile chapati za mayai, za mafundi, na jioni anafagia. Luganda chake kilikuwa cha kuombea maji, basi hata wakimwelekeza alikuwa anapata nusu. Hakuna aliyemtendea ukatili, lakini hakuna aliyemfundisha. Kitabu chake cha kazi, ambacho fundi mkuu anatakiwa kutia sahihi kila wiki, kilikuwa kimeandikwa "usafi" karibu kila ukurasa.

Baba yake alipanda basi akaenda. Alizungumza na mwenye gereji kwa heshima, akaomba mtoto ahamishwe, na chuo kikakubali. Muda uliobaki aliumalizia huku mpakani kwa yule fundi mzee wa wakati wa korona. Safari hii tuliandika makubaliano kwenye karatasi mbele ya mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa: atafundishwa kufunga stata, kupima altaneta, kutafuta hitilafu za taa za trela, atakuja saa moja asubuhi, hatalipwa, ila chakula cha mchana atapewa. Mzee alicheka kuona karatasi, lakini aliifuata neno kwa neno. Kubalianeni mapema mtoto atafundishwa nini, na mtembeleeni ndani ya wiki mbili za kwanza. Mkisubiri mwisho, muda umeshaliwa.

Huku nyumbani Kiswahili kikamfungulia mlango ambao Kampala ulikuwa umefungwa. Madereva wanaopita hapa ni Wakenya, Watanzania, Wakongo, Wanyarwanda. Dereva aliyekwama usiku hataki kuelezwa kwa lugha ya kubahatisha. Anataka kusema gari lake linafanyaje, na kuelewa atalipia nini. Watoto wetu wa mpakani hukichukulia Kiswahili kama kitu cha bure, na wazazi wengi hatujawahi kukihesabu kwenye mtaji wa mtoto. Kihesabuni.

Alimaliza mwisho wa 2024. Matokeo na cheti havitoki siku unayomaliza, na kipindi hicho cha kungoja ndicho vijana wengi huvunjikia. Tuliambiwa kuhusu DIT, idara ya serikali ya mafunzo ya viwandani, ambayo wakati ule ilikuwa ikimpima mtu kwa kumtazama akifanya kazi kwa mikono yake, hata kama aliyajifunza mtaani bila kukanyaga darasa. Wandera akapimwa, na yule fundi mzee naye akashawishika kwenda. Mtu aliyefanya kazi maisha yake yote bila karatasi, akarudi na cheti cha ujuzi wa vitendo, Workers PAS, amekifunga kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, kisilowe. Kama una ndugu fundi asiye na cheti, mwambie habari hii leo, ila kazi hiyo ya kupima sasa iko kwa UVTAB.

Kuanza kazi yake mwenyewe kulihitaji pesa tena. Nafasi ya kibanda kando ya barabara ya Kampala, leseni ya manispaa, chaja ya betri, mita nzuri, nyaya, fyuzi za kila namna. Watu walituambia tutegemee pesa za PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia, yaani kata, ile shilingi 1,000,000 inayopitia SACCO ya parokia. Zipo, na majirani wamezipata, lakini kwa sehemu kubwa mpango ule umelenga kilimo na ufugaji. Usijenge kibanda cha umeme juu ya matumaini hayo. Sisi tulichukua mkopo kwenye kikundi chetu cha akina mama na Nekesa akaongezea. Ndiyo, Nekesa. Alikuwa amefungua kibanda cha pesa za simu, na baada ya muda akapata mkataba wa mradi wa afya hapa wilayani. Ndiye anayemwandikia mdogo wake hesabu na bei za kazi kubwa za makampuni ya malori. Kabla yake, Wandera alikuwa anakopesha kila dereva aliyemwita "kaka". Sasa kuna daftari, na anayedaiwa anapigiwa simu na dada mwenye sauti tulivu sana asiyekata tamaa. Watu wakiniuliza kama ile shahada ilipotea, nawaelekeza kwenye daftari lile.

Nimemwona akifanya kazi mara nyingi, lakini usiku mmoja nilimpelekea chakula nikakaa kutazama. Trela la Mtanzania, taa za nyuma zinafifia kila akikanyaga breki. Vijana wawili walikuwa wamekwisha kumwambia dereva anunue altaneta mpya. Wandera hakufungua kitu. Alishika mita, akapima betri zote mbili, akasema umeme wa kwenda upo. Akatambaa chini mpaka nyuma kabisa, tochi mdomoni, akatafuta boliti moja ndogo inayoshika waya wa ethi, ule unaorudisha umeme, kwenye chesisi. Ilikuwa imeota kutu nyekundu, inavunjikavunjika. Akaifungua, akasugua chuma kwa msasa mpaka kikang'aa, akafunga boliti nyingine, akapaka grisi. Dereva akakanyaga breki, taa zikawaka barabara. Alilipa shilingi 50,000, akachukua namba ya simu, na tangu siku ile huwapa wenzake.

Sitaki mtu asome hapa afikiri pesa zinamwagika. Kuna wiki nzima huu mpaka wetu unakwama kwa mgomo au mtandao wa forodha kuzima, na hapati kitu. Amewahi kuchomwa na asidi ya betri mkononi, alama ipo. Simu hulia saa nane usiku, nami silali mpaka arudi. Wapo aliomaliza nao ambao hadi sasa wanabahatisha, na si wavivu. Wengi wao hawakupata wa kuwanunulia mita. Kijana aliyesomeshwa miaka miwili kisha akaachwa bila kifaa cha shilingi laki moja na ushee, hiyo ni hasara ambayo familia ingeweza kuizuia kwa kuanza kuweka akiba mapema, mtoto akiwa bado chuoni. Msingoje amalize.

Anazungumzia kwenda Elgon kusoma stashahada. Baba yake anataka aende mwakani. Mimi nasema akae kwanza kibandani, amalize deni la kikundi, apate kijana wa kumwachia kazi. Hatujaafikiana.

Na mdogo wao wa mwisho sasa yuko S4, kwenye huu mtaala mpya ambao kazi za darasani nazo huhesabiwa katika matokeo. Yeye anataka S5 na S6, fizikia, kemia na biolojia, anataka udaktari. Tutampeleka. Baba yake ameshaanza kuzunguka shule, na cha kwanza anachoomba kuonyeshwa ni maabara.